Wikio Tano za Famau

Nilikuwa na njaa, niseme hilo mwanzo.
Mwezi wa Rajabu, mfuko mkavu, mke kauza kinu chake,
Famau Lali akanijia na karatasi:
nyumba yake ya wageni katikati,
magofu matano ya Mkomani yameizunguka,
kila gofu na mstari wake, kila mstari wikio.

"Fundi Shekuwe," kasema, "watu huhesabu.
Mgeni akitoka gatini na begi lake
haulizi godoro, haulizi maji.
Huinua macho. Akiona nyumba imeshikwa na nyumba tano
hujiambia: hawa wana watu wao."

Wikio, kwa asiyeijua Amu,
ni chumba kinachovuka kichochoro kwa juu,
boriti huku, boriti kule, punda wakipita chini.
Mama alivuka ya kwetu kwenda kwa shangazi,
kichwa wazi, bakuli la tambi mkononi,
akarudi na bakuli lile lile
na kitu kingine ndani.
Halikurudi tupu hata mwaka wa njaa,
mwaka ule lilirudi na ndimu moja.

Za Famau nilizijenga siku arubaini na moja.
Mikoko mibichi, maana mikavu ina bei.
Chokaa haikulala shimoni hata wiki.
Magofu tuliyapaka mbele; nyuma, popo.
Ndani hakuna jiko wala mkeka.
Kila mlango kijana, mia mbili kwa siku,
kazi yake kunyosha kidole.
Wa kwanza: "Nendeni kwa Famau, huko ndiko."
Wa pili: "Mmeambiwa na yule? Hasemi uongo yule."
Wa tatu akamsifu wa pili.
Midomo mitano, mfuko mmoja.

Na ilifaa! Nisiwadanganye.
Miezi minane vitanda havikupoa.
Famau akanivisha saa ya mkononi, ya dhahabu ya uongo,
nikatembea nayo Langoni mkono nikiuning'iniza.
Jirani yake, Bi Mwanamize, ana vyumba viwili tu.
Kwake aliingia mgeni mmoja, baada ya mwezi mwingine,
katumwa na mtu aliyelala hapo mwaka juzi
na bado anaukumbuka mkate wa mofa.
Nikamtania: "Kizuri chajiuza, mama,
ila chako chaenda kwa magoti."
Hakunijibu. Alikuwa akipepeta.

Ikaja masika.
Nyumba isiyopikwa ndani haina moshi,
na boriti isiyokula moshi huliwa.
Nilijua. Fundi gani asiyejua?
Wikio ya tatu iliporomoka usiku wa Ijumaa,
ikaua kuku wawili na baiskeli.
Mji ukatoka na tochi,
ukamulika lile tundu,
ukaona ng'ambo: giza, kinyesi cha popo,
kiti cha plastiki cha yule kijana.

Watu wa makumbusho wakaja na rangi nyekundu.
Nne zilizobaki, zibomolewe.
Nikalipwa kubomoa, nusu ya nilivyolipwa kujenga.
Hapo ndipo nilipoona nilichofanya:
nyumba ya Famau ilikuwa nzima kabla yangu,
kuta za babu yake, dhiraa moja unene,
nami niliitoboa mara tano
ili ishikwe na kitu ambacho hakikuwepo.
Mvua ikaingilia mle mle.
Vijana sasa wako gatini,
kidole kile kile, hoteli nyingine.

Jana amekuja tena. Kakonda.
Karatasi mpya, mstari mmoja.
"Moja tu, fundi. Mikoko mikavu. Sema bei."
Nyumbani nina boriti sita ukutani,
mke bado hajakomboa kinu,
saa ile ingali mkononi, yachelewa dakika kumi.
Nikamuuliza: "Ng'ambo anakaa nani?"

Akaitazama karatasi,
akaigeuza,
akatazama na nyuma yake.